Mwonja Kahawa Asiyetema

Mke wa mwonja kahawa alikuwa amechoka, tena amechoka hoi. Mara tatu mwezi huo alimkuta mumewe ameegemea ukuta wa bafuni, moyo unamwenda mbio, unasita, halafu unarukaruka kama jogoo aliyefungwa miguu. Daktari alikwisha kusema waziwazi kwamba kahawa ndiyo inayouvuruga mwendo wa moyo ule. Marufuku hata kikombe kimoja, la sivyo siku moja utasita moja kwa moja.

"Mimi sinywi kahawa," mume akajibu, uso mkavu. "Naonja."

Kazini kwao mwonja huchota kijiko, huvuta kwa kelele, huzungusha mdomoni, kisha hutema kwenye ndoo. Vikombe arobaini kwa siku, na eti hakuna hata tone linalofika tumboni. Ndivyo alivyomweleza daktari, na daktari wa watu akaridhika. Mke hakuridhika ng'o. Ameishi na yule bwana miaka ishirini na minane, anajua kabisa akidanganya hukuna sikio.

Siku ya Jumanne mke akamfuata kazini, akijisingizia kwamba amemletea miwani. Vikombe vilikuwa vimepangwa mstari juu ya meza ndefu, na kila mwonja ana ndoo yake miguuni. Akasimama mlangoni akiangalia. Wenzake walikuwa wanavuta na kutema, wanavuta na kutema. Mumewe akavuta, halafu koo likapanda na kushuka. Kijiko cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Ndoo yake ilikuwa kavu kabisa.

Jamani, mwanamke alitaka kulia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Akamvuta ukumbini.

"Unameza."

"Punguza sauti."

"Unameza, baba watoto. Mimi silali, nakushika mshipa usiku kucha, kumbe wewe unakuja huku kujimaliza?"

Mkono wa mume ukapanda sikioni, ukashuka bila kulikuna. "Ulimi umekufa," akasema taratibu. "Tangu mwaka jana. Nikitema, sijui nimeonja nini. Ladha naipata ikipita kooni tu. Wakijua, nimekwisha. Kazi nyingine siijui."

Mke alimwonea huruma. Lakini alipouona mshipa wa shingo unavyohangaika, hasira ikarudi palepale. Akaingia mle chumbani mpaka kwa mkuu wa waonjaji.

"Shemeji," akasema, "mume wangu hawezi tena kuonja. Ulimi wake haufanyi kazi."

Mumewe akaja nyuma yake, akavua aproni, akaosha kijiko chake, akakifuta mpaka kikang'aa, akakilaza mezani.

"Haya, mama," akamwambia, kwa upole uliomchoma kuliko matusi. "Twende nyumbani nikaishi."