Debe la Dawa ya Josho

Nkuba aliikimbia pamba, pamba ikamfuata mpaka Usangu.

Kwao Usukumani walilazimishwa kuilima, na asiyelima alitozwa faini. Mwaka wake wa mwisho huko waligawiwa dawa ya wadudu pamoja na bomba la kubeba mgongoni. Bwana shamba alishuka kwenye Landrova, akasema nyunyizeni, akapanda tena Landrova. Debe lilipokwisha, mkewe, Mama Roza, alilisuuza akalichotea maji ya kunywa. Maandishi yalikuwapo ubavuni mwa debe, tena mengi, ya Kiingereza. Mama wa watu alikunywa wa kwanza, na kwa kuwa alikunywa wa kwanza, watoto walipona.

Hivyo ndivyo Nkuba alivyokuwa mgane. Hakuna mkubwa aliyekuja matangani. Akaswaga ng'ombe wake kwenda kusini, akafika Usangu, na huko nako hakutulia. Zizi alilihamisha kila baada ya mvua. Akikaa anasimama, akisimama anatembea. Binti yake Roza alikuwa akisema baba ana siafu miguuni.

Amri ya kisomo ilipotoka, kwamba kila mtu mzima akasome, Nkuba aliipuuza kama amri nyingine zote. Lakini kijiji kilipoanza kujenga josho la kuogeshea ng'ombe, akasikia kwamba dawa italetwa kwa madebe, alikwenda mwenyewe bila kusukumwa akaketi mstari wa mbele. Alimwambia mwalimu, kijana wa Kinyakyusa aliyeitwa Isakwisa, kwamba yeye hataki mengi. Anataka kusoma kilichoandikwa kwenye debe kabla halijamiminwa.

Isakwisa akafungua sanduku la vitabu kutoka wilayani. Vilikuwa vya pamba. Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe! Huko juu mtu alitia mkono stoo bila kuangalia, akatoa alichokishika, akaenda kula.

"Mwalimu, hii nimeihama," Nkuba alisema.

"Herufi ni zilezile, mzee wangu."

Basi akasoma kwa pamba. Walipofika penye sentensi ya mama anayechuma pamba, aliinuka akatoka nje, akazunguka banda, akarudi. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Wenzake walimcheka, wakasema mzee Nkuba anasoma kwa miguu. Hata hivyo mpunga ulipovunwa alikuwa amefaulu hatua ya pili ya kisomo.

Wakati huo ndigana, homa ya kupe, ilikuwa inamaliza ndama. Kila boma lilikuwa na ngozi mbichi iliyowambwa, na kila mtu aliliombea josho lifunguliwe. Mwenyekiti wa kijiji, Gideoni, alimteua mpwa wake Joachim kuwa mhudumu. Joachim alitakiwa kwanza aende Mbeya kufundishwa. Mafunzo yakaahirishwa, ila sikukuu haikuahirishwa. Wakubwa walitaka kutangaza siku ya Saba Saba kwamba josho linafanya kazi. Basi Joachim angemimina kwa kukadiria.

Siku ya kufungua, Nkuba alifika mapema na ng'ombe wake. Akainama kwenye debe, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti. Mdomo ulikwenda, akili ikabaki nyuma. Kiingereza tena. Akamwita Isakwisa. Isakwisa alilitambua neno moja tu, akasema hilo ni sumu. Nkuba akauliza ni kiasi gani kwa maji kiasi gani.

"Mzee, nisikudanganye. Hapo sijui."

Nkuba akachukua nguzo za zizi, akazilaza kwenye mlango wa josho, akasimama mbele yake.

"Ndugu Nkuba, unapinga maendeleo," Gideoni alisema.

"Sipingi. Nauliza kipimo."

"Kipimo anakijua Joachim."

"Haya Joachim, baba. Kipimo?"

Joachim alimtazama mjomba wake. Nyuma mtu mmoja akasema basi aanze kuogeshwa mwenyekiti, tuone. Watu wakacheka, na wawili watatu wakaanza kugeuza ng'ombe wao. Lakini Lea, mama wa Kisangu aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, mtamba, hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya Nkuba.

"Wewe unaogopa debe. Mtamba wangu anakufa leo, hangojei kipimo. Umefiwa wewe, sasa unataka tufiwe wote?"

Nkuba aligeuka kuwatazama ng'ombe wake. Katika kundi lake mwenyewe ndama mwekundu alikuwa amevimba tezi chini ya masikio, mate yanamtoka. Kungoja nako kunaua. Hilo hakuhitaji kulisoma popote. Alihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule, ila nguzo hakuziondoa.

Gideoni akamuuliza anataka nini.

"Aje aliyefundishwa. Kama haji, niende mimi nikafundishwe."

"Wewe, na hatua yako ya pili?"

"Imetosha kunionyesha kwamba sijui. Mpwa wako hata hilo bado."

Gideoni alilifunga josho, akatangaza mbele ya watu wote kwamba kila ndama atakayekufa kuanzia siku hiyo, Nkuba ndiye atakayemlipa. Hakuna aliyembishia. Wale waliogeuza ng'ombe wao walizidi kuwaswaga kuelekea nyumbani.

Nkuba hakurudi nyumbani. Alilitia debe kwenye gunia, akalibeba mbali na mwili, akashika njia ya barabara kuu kungoja lori la Mbeya. Roza alimkuta huko akizunguka. Alikuja kumwambia kwamba ndama mwekundu amelala, haamki tena.

Nkuba alipiga hatua kurudi. Akasimama, akalitazama gunia, akageuka.

"Mwambie kaka yako Seni amchinje kabla hajafa," alisema. "Nyama nusu mpelekee Lea."

"Akikataa?"

"Iache mlangoni."

Lori lilipokuja alipanda nyuma. Abiria walimsogezea nafasi juu ya magunia ya mpunga, wakamwambia aketi, Mbeya bado mbali. Aliwashukuru. Akasafiri amesimama.