Milango ya Chumvi ya Tandarika

Katika nchi ya Tandarika, nchi ya mito myekundu isiyopumzika na vitongoji vilivyobanana kama mbegu za stafeli, nyumba hazikujengwa kwa mawe wala udongo bali kwa ngozi laini, na kila ukuta ulikuwa na vilango vidogo vya chumvi. Chumvi ikiingia, maji huifuata, nyumba ikafura. Ikitoka, maji hutoka nayo, nyumba ikanywea. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na bawabu wake, na mila ilikuwa moja: vilango vifunguliwe kwa kiasi, jirani asisukumwe. Watawala, waliokaa huko juu kichwani mwa nchi, walipokea taarifa za amani na kuendelea kusinzia.

Bi Sharwa alikuwa bawabu wa Bwana Mzidi. Bwana huyu hakuanza kwa uovu. Alikula akashiba, akaona raha, akasahau namna ya kuacha. Nyumba yake ikazaa vyumba, vyumba vikazaa vyumba. Uani alimwaga maji machachu yaliyoulainisha ugo wa jirani mpaka ukapasuka, kitongoji kizima kikakohoa, naye akayaita maendeleo. Jirani mwenyewe alikuwa Zamira, mdogo wake Sharwa, mama wa watoto watatu wachanga.

“Sharwa,” alisema Bwana Mzidi asubuhi moja, akijipapasa tumbo, “toboa vilango vipya. Mbele arobaini, nyuma arobaini. Tunahama.”

“Nyumba inahama, bwana?”

“Mbele ingiza chumvi, tufure tusogee. Nyuma itoe, tunywee tujivute. Tutapenya kwenye ule ufa wa ugo, tupite kwa mdogo wako, tufike mtoni. Mto utatueneza mikoa yote.”

“Na Zamira na wanawe?”

“Mwenye nguvu mpishe.”

Sharwa akatoboa. Na tuseme ukweli, alitoboa vizuri, maana mkono wa fundi hauzoei kuharibu hata moyo ukikataa. Siku tatu nyumba ilijikokota kama konokono aliyetoka kula harusini, watumishi wakipiga vigelegele, na Sharwa akiona aibu hata ya kuinua macho.

Siku ya nne nyumba ikajichomeka ufani, nusu huku nusu kule. Ili ipite, ilibidi inywee hasa.

“Toa chumvi! Toa yote!” akaamuru Bwana Mzidi.

Hapo sauti ya Zamira ikasikika upande wa pili. “Dada, ukuta wangu unaingia ndani! Watoto nimewabeba wote, sina tena pa kurudi nyuma.”

Sharwa akayashika makomeo ya vilango vya nyuma, akayafunga moja baada ya jingine, yote arobaini, na vilango vya mbele akaviacha wazi kabisa. Chumvi ikamiminika, maji yakaifuata, nyumba ikafura palepale na kukwama.

“Umefanya nini, mwanamke? Fungua!” alifoka Bwana Mzidi, maji yakimfika kiunoni.

“Si ulitaka kukua, bwana? Haya, kua.”

Ngozi ya kuta ikakaza, ikaanza kulia. Kama ingepasuka au ingestahimili, hakuna aliyejua.

“Dada!” Zamira aliita kwa furaha. “Imesimama! Toka basi, uje kwangu.”

Sharwa aliutazama mlango wa watu, uliobanwa na ugo pande zote. Ungefunguka tu kama nyumba ingenywea, na ikinywea, ingepita.

“Nakuja,” akajibu, akaegemeza mgongo wake wote kwenye makomeo.