Mikono ya Chini

Mama mkwe wangu alikuwa ananing'inia ndani ya shimo la mvuke, ameshika mnyororo kwa mikono yake miwili ya juu, na ile miwili ya chini ameikunja kifuani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Mama, shika kwa yote minne!" nilimpigia kelele.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Usinitie majaribuni, mtoto wa watu."

Kwa ambaye hajafika kwetu, niseme upesi. Kwetu mtu huzaliwa na mikono minne. Miwili ya juu ni yako: utakula nayo, utafanya nayo kazi, utajikuna nayo. Miwili ya chini umeazimwa. Ni ya Mwenye Mikono, naye amekupa uitumie kwa ajili ya mtu mwingine tu. Jirani akiwa na mzigo unampokea kwa mikono ya chini. Mtoto wa jirani akilia unambeba kwa mikono ya chini. Lakini kwa nafsi yako, hata kupangusa jasho, hapana. Na damu yako ni wewe mwenyewe: mzazi wako, mwenzi wako, mtoto wako, mjukuu wako. Ndiyo maana kwetu hakuna mtoto aliyewahi kubebwa kwa mikono ya chini ya mama yake, na hakuna ambaye hakubebwa na ya mtaa mzima.

Ni dini nzuri, siikatai. Uzuri wake unauona vizuri zaidi ukiwa umesimama pakavu.

Mimi yangu ya chini ilikuwa imefungwa. Binti yangu Kelele, ambaye jina lake la kweli tumeshalisahau kwa sababu hili linamfaa zaidi, alikimbilia barabarani mbele ya mkokoteni wa mawe. Nilimrukia nikamnyakua kwa mikono yote minne. Sikuchagua, mama gani anachagua? Lakini Kelele ni damu yangu, kwa hiyo mikono ya Mwenye Mikono ilikuwa imefanya kazi ya kwangu, na adhabu ya hilo ni kufungwa maisha. Wakaizungushia kitambaa kizito, fundo likawekwa mgongoni na kumwagiwa nta. Na nani alikwenda kupeleka habari? Mama mkwe. Siku ile ile. Kitambaa chenyewe alikifua na kukikunja yeye.

Sasa huyo ndiye aliyekuwa shimoni, na mimi nilikuwa nahangaika juu yake roho mkononi.

Sisi ni madobi. Tunafua zile glavu ndefu nyeupe ambazo watu huvalia mikono yao ya chini wakienda kuabudu. Hatuchemshi nguo kwa moto, maana ardhi yetu hupumua. Kila siku jua kubwa hutangulia, jua dogo hufuata nyuma yake, na jua dogo likigusa ukingo wa paa, shimo lililo katikati ya karakana yetu hutoa pumzi ya mvuke inayoweza kumbabua mtu mpaka mfupa. Kabla ya hapo tunakuwa tumeshusha kikapu cha glavu kwa mnyororo na winchi, tumefunika wavu wa chuma, tumetoka nje. Wavu ule ulikuwa umeliwa na kutu. Nimesema mpaka nikachoka kwamba usikanyagwe. Mama mkwe akaukanyaga, eti mnyororo umekwama, akaukung'ute. Wavu ukaitika mara moja tu, ukavunjika. Kikapu kikakatika kikaenda majini na glavu zote, pamoja na kamba pekee tuliyokuwa nayo nyumbani, ambayo tulikuwa tumekifungia hicho kikapu. Mama mkwe akadaka mnyororo.

Mtaa mzima ulikuwa umepanda kwenda Nyumba ya Viganja kuabudu. Jirani yetu mwokaji mikate alikuwa amemchukua Kelele. Tulibaki watatu: mama mkwe shimoni, mimi ukingoni, na mume wangu kwenye winchi.

"Vuta polepole," nilimwambia.

Alizungusha mpini. Winchi ililia, mnyororo ukaruka kidogo, na mama mkwe akateleza chini. Mnyororo ulikuwa umelowa mafuta na unyevu. Vidole vya mikono miwili ya kizee haviwezi kushindana na kitu hicho kikiwa kinatembea.

"Acha!" nilipiga ukelele. Mume wangu aliacha. Baada ya muda alijaribu tena, polepole kuliko mwanzo, na mama yake akateleza tena. Sasa chini ya ngumi zake palibaki kipande kifupi tu cha mnyororo, na chini ya hapo giza na maji yanayotokota.

Hebu elewa jambo lililonipandisha hasira. Winchi ilikuwa nzima. Mnyororo ulikuwa mzima. Kila siku ulivuta nguo mbichi nzito kuliko watu wawili. Mama mkwe angeshika kwa mikono minne, angefika juu kabla sijamaliza kumlaumu. Kilichokuwa kinamuua si shimo. Ni kichwa chake.

"Mama," mume wangu aliita, "nashuka nikushike."

"Kwa mikono gani?" alijibu kutoka chini. "Ya juu utashikia mnyororo. Ya chini ukinigusa nayo, mimi mama yako, naachia hapo hapo. Nakuapia."

Na angeachia kweli. Mume wangu alinitazama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Tulijua wote wawili kwamba yeye hawezi kitu.

Chini kabisa maji yakaanza kunguruma. Nikatazama juu: mwanga wa jua dogo ulikuwa umeshaanza kuupaka rangi ukingo wa paa.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia mume wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeagiza sabuni, "glavu alizovaa mwokaji leo zina doa kwenye kidole gumba. Mwambie asinione mzembe."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mtu anakufa na anawaza doa! Na katika ile hasira, kitu kikanijia kichwani, chepesi mno hata nikaona aibu kwamba sikukifikiria mapema.

Mke wa mwana si damu kwa mama mkwe mpaka yeye mwenyewe amtaje kuwa mwanawe mbele ya mashahidi. Wengine hutajwa siku ya harusi. Mimi nimezaa, mtoto ametembea, amesema, amejifunza na matusi, na bado naitwa mtoto wa watu. Nililia sana kwa ajili ya neno hilo miaka ile ya kwanza. Sasa nililihesabu kama mali. Katika nyumba hii kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mikono ya chini ya mama mkwe iliruhusiwa kumwokoa, na mtu huyo ni mimi.

"Nikisema vuta, uvute bila kusimama," nilimwambia mume wangu.

"Unafanya nini?"

Ningemwambia angenizuia. Nikajikaza kisabuni, nikashika mnyororo kwa mikono yangu miwili iliyo huru, nikateremka.

Joto lilinipiga usoni. Nilimpita mama mkwe mgongoni, miguu yangu ikatambaa kwenye nyonga zake, mpaka pua yangu ikawa shingoni kwake. Alinuka sabuni, kama siku zote. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, kitu ambacho ukingoni hatukukiona.

"Rudi juu, wewe," alinong'ona. "Una mtoto."

"Ninaye. Kwa hiyo nishike."

Nikaachia mnyororo. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono yangu miwili, basi. Sikuwa nimeshika kingine chochote duniani.

Uzito wangu ulimvuta. Nilisikia ngumi zake zikiteleza, pete moja ya mnyororo, halafu nyingine. Nikasubiri mikono ya chini ije.

Haikuja.

Ilikuwa pale pale, imekunjwa kifuani, nimeibana kwa viwiko vyangu. Ilicheza, ikasimama. Tukateleza tena. Nikajua ananiacha nife, na kwamba chuki yake kwangu ni kubwa kuliko nilivyowahi kuidhania, nikaogopa nisivyowahi kuogopa, nikamfikiria Kelele akishuka kilima mikononi mwa mwokaji na kukuta karakana tupu.

"Mimi si damu yako!" nilimpigia kelele sikioni. "Umesema mwenyewe! Mtoto wa watu mimi! Nishike, mama, mimi mtu baki, nishike!"

Alitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Kisha mkono mmoja wa chini ukafumuka na kukamata mnyororo, na wa pili ukapita nyuma ukanishika nguo za mgongoni, kwenye lile fundo langu la nta, kwa nguvu iliyonikata pumzi.

"Vuta!" nilisema. Mume wangu akavuta.

Tulifika ukingoni shimo likiwa linanguruma miguuni mwetu. Alituburuta mpaka nje ya mlango, akaufunga kwa bega, na mvuke ukapiga mbao nyuma yetu. Tukabaki tumelala barabarani kama nguo zilizoanguka kambani. Mume wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitaka maji ya kunywa.

Mama mkwe alitaka kwenda Nyumba ya Viganja.

"Sasa hivi?" nilimwuliza. "Hata nguo hujabadilisha."

"Mikono imefanya kazi kubwa. Lazima itolewe maelezo."

Tukapanda, yeye amelowa, ngozi ya viganja imechunika. Ndani, watu walikuwa bado wamejaa kwenye mikeka, na mwokaji alikuwa mstari wa mbele na Kelele mikononi mwake ya chini. Mzee Mshika Viganja, yule yule aliyenifunga mimi, aliipokea mikono ya chini ya mama mkwe akaigeuza. Mnyororo ulikuwa umechora alama nyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Imefanya kazi ya nani?" aliuliza, kama inavyoulizwa.

"Ya huyu hapa."

Watu wakaguna kwa furaha. Mzee akatabasamu. Ilikuwa habari njema: bibi mzima kuokoa mtu kwa mikono ya Mwenye Mikono, mikono hiyo hupakwa mafuta na kutajwa mwaka mzima.

"Na huyu ni nani wako?"

Jibu lilikuwa jepesi. Alikuwa amelitumia kila siku, asubuhi na jioni, mbele ya wageni na mbele ya mtoto wangu.

"Mwanangu," alisema.

Mimi nikadakia haraka: "Msameheni, mvuke umemwingia kichwani. Mimi ni mke wa mwanawe tu. Hajawahi kunitaja."

"Kweli hajawahi," Mzee alisema, na niliona kwamba anamtafutia mlango wa kutokea. "Kwa sheria huyu ni mtu wa nje. Bibi, sema hivyo, mikono ipakwe mafuta, mkapumzike."

"Sheria inauliza mdomo wangu," mama mkwe alisema. "Mdomo wangu ni mbishi, mnaujua wote. Lakini huyu alipoachia mnyororo, niliona mwanangu anakufa. Ndiyo maana nilichelewa. Mikono ilikataa, kwa sababu ilijua. Nikailazimisha."

Kumbe ile chuki niliyoisikia shimoni haikuwa chuki.

"Tangu lini?" nilimwuliza, na sauti yangu ilitoka ya ugomvi kwa sababu sikuwa na nyingine.

"Tangu siku ya mkokoteni. Nilikuwa nimesimama karibu na Kelele kuliko wewe. Nilikuwa na mikono minne, na sikunyoosha hata mmoja, nilikuwa bado napima ipi ni halali. Wewe hukupima."

"Na siku hiyo hiyo ukaja kunishtaki!"

"Nilikuja. Ilikuwa kweli."

Unaweza kumpenda na kutaka kumtikisa mtu kwa wakati mmoja. Mimi ni shahidi. Nikamsihi Mzee, mume wangu akamsihi, mwokaji naye akapaza sauti kwamba bibi amechoka, aulizwe kesho. Mama mkwe akatikisa kichwa. Aligeuka akampa Mzee mgongo, amfunge fundo.

Kitambaa kililetwa. Tulikuwa tumekifua sisi, nilikitambua kwa upindo wake. Mzee alikikunjua taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Subiri kidogo," mama mkwe alisema. "Hii mikono imeshachafuka, au siyo?"

"Imeshachafuka, bibi."

"Na haijafungwa bado."

"Bado."

Akanyoosha mikono yake ya chini, iliyochunika, kwa mwokaji. Mwokaji alielewa kabla yetu sote. Akampa Kelele.

Mtoto wangu alikuwa hajawahi kuguswa na mikono hiyo tangu azaliwe. Akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bibi yake alimbeba kwa mikono ya chini, akampangusa uso kwa ya juu, kisha akatafuta mkono wangu akaushika, akasema tena lile neno, taratibu, safari hii kwangu mimi.

Mzee Mshika Viganja akasema haoni nta imewekwa wapi. Ilikuwa mbele yake, kwenye bakuli. Akaenda kuitafuta chumba cha pili, na alikaa huko muda mrefu sana.