Doa la Kinyozi

Mama Pasi alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka mgongo ukakubali kupinda, na katika miaka yote hiyo hakuna doa lililomshinda kulisoma. Mpe shuka atakuambia: hii ni chai ya maziwa, hii ni damu ya pua, na hii ni rangi ya midomo, tena mwenye midomo si yule aliyeandikishwa mapokezi. Meneja mwenyewe alikuwa akimwogopa kidogo. Sasa amestaafu, ana magoti mabovu na ulimi mzima, na kulikuwa na doa moja tu duniani ambalo hakutaka kulisoma.

Doa hilo lilikuwa kwenye ukuta wa korido, kati ya chumba cha kulala na bafu. Aliyelianzisha ni marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Macho yalipomzimikia, Kinyozi hakutaka fimbo wala kushikwa mkono. Alipitisha kiganja ukutani, akaenda zake bafuni na kurudi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukuta ukaota mstari wa rangi ya chai. Balbu ya korido ilipoungua hakuna aliyeibadilisha. Kipofu hana haja ya balbu, na mkewe aliona haya kujiwashia taa peke yake.

Kinyozi alifariki mwaka jana, usingizini, bila kumsumbua mtu. Baada ya msiba binti yao, ambaye ni mwalimu na hata nyumbani husema kama ameshika chaki, alileta fundi wa kupaka rangi. Ukuta ukawa mweupe pe. Mama Pasi alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, na alipoulizwa alisema ni harufu ya rangi.

Kisha mstari ukarudi.

Mwanzoni ulikuwa kivuli tu, kitu cha kudhania. Baada ya miezi michache ukakolea, ukawa umenyooka kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa bafu. Mama Pasi alisimama mbele yake asubuhi moja. Aliogopa, tena sana, lakini ilikuwa hofu yenye furaha ndani yake. "Umerudi," akanong'ona.

Wala si mstari peke yake. Alianza kumsikia. Kila alipokwenda bafuni, alizisikia ndara za Kinyozi zikiburuzika sakafuni, sha, sha, sha, na kiganja kikikwaruza ukuta. Akisimama, nazo zinasimama. Akienda, nazo zinaenda. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Mama Pasi, ambaye miguuni alivaa ndara hizohizo za marehemu, zilizomzidi kwa vidole vitatu vizima, hakujiuliza hata moja. Alikuwa akisema "taratibu, mume wangu," na kuendelea na safari yake gizani.

Mwalimu alipokuja kumsalimu, jambo la kwanza kuliona lilikuwa kiwiko kilichochubuka.

"Mama, umeumiaje hapo?"

"Niliteleza. Kuteleza si kuanguka."

"Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Eh, nani kafa hapa?"

Mwalimu hakucheka. Akaingia koridoni na tochi ya simu yake, akaanza ukaguzi kama wa daftari za darasa la kwanza. Kizulia cha mlangoni mwa bafu kilikuwa kimekunjamana pembeni. Sakafu ilikuwa na maji. Balbu ilikuwa ileile iliyoungua. Kisha tochi ikashuka hadi miguuni mwa mama yake.

"Nitaleta fundi akufungie chuma cha kushikia, kuanzia hapa mpaka bafuni. Kizulia kitoke. Na hizo ndara za baba nazo zitoke."

"Ndara haziguswi."

"Mama, asiyekuwapo na lake halipo."

"Nani kakuambia hayupo?"

Mwalimu akamulika ukuta, akauona mstari. "Huo ni unyevu," akasema.

"Unyevu una vidole?"

Kweli, mahali pengine ulionekana kama umeachwa na vidole. Mwalimu akaizima tochi haraka. Aliposema tena, alisema polepole, ile sauti ambayo wanafunzi wake huijua. "Basi nisikilize. Ukianguka tena, hata mara moja, nyumba hii tunaifunga. Unahamia kwangu. Siwezi kulala kila siku nikiwaza nitakukuta sakafuni."

"Sijaanguka, na sitaanguka."

Ulikuwa uongo mkavu. Alikwisha kuanguka mara mbili, moja bafuni na moja palepale koridoni, na mara zote mbili alijiokota mwenyewe, na kishindo akamsingizia paka. Si kwamba nyumba ya binti ilikuwa mbaya. Ilikuwa na wajukuu, vigae na televisheni kubwa. Tatizo lilikuwa moja: Kinyozi hakuijua njia ya kwenda huko. Kipofu angefikaje? Mama Pasi alimwona akibaki peke yake katika nyumba iliyofungwa, akipapasa ukuta kwenda na kurudi, akiuliza mbona kimya. Na hicho chuma nacho kingepigiliwa juu ya mstari wake, juu ya mkono wake. Kwa hiyo hakutaka fundi wala kuhama, na binti akaondoka na kizulia palepale kilipokuwa.

Alasiri moja, mama aliamka ghafla kutoka usingizi wa mchana, haja imembana, akasimama kabla kichwa hakijatulia. Chumba kilizunguka. Hakungoja. Alifika nusu ya korido, sha, sha, sha, na karibu na bafu ncha ya ndara ikaingia chini ya kizulia. Kilichofuata ni kishindo, na nyonga ikawaka moto.

"Kinyozi," aliita.

Nyumba ilinyamaza.

Alingoja. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba atazisikia ndara, na alikaza masikio mpaka yakamuuma. Lakini ndara moja ilikuwa imerukia bafuni na nyingine imelala ubavu karibu na uso wake, na hakuna kilichoburuzika. Aliita tena, safari hii kwa sauti iliyomtisha mwenyewe. "Baba watoto, nipe mkono. Nimeanguka."

Hakuna.

Saa zile jua huingia kwa dirisha la bafu na kuimulika korido kidogo kabla halijazama. Lilipiga ukuta kwa upande, na mstari ukatokea wote, wazi, kama shuka lililotandazwa juu ya meza ya pasi. Mama Pasi hakuwa na pa kutazama pengine. Akausoma.

Kinyozi alikuwa mrefu. Mkono wake ulipita juu, sawa na bega la mkewe. Mstari huu ulipita chini, usawa wa kiuno. Ulibonyea mahali ambapo goti la kushoto humsaliti mtu, na ukanenepa karibu na mlango wa bafu, pale mwenye goti bovu anaposhika ili ageuke. Akajiburuta, akaupeleka uso wake ukutani, akanusa. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ya kuchoma pua, anayojipaka magotini kila siku na kusahau kunawa. Doa lilikuwa lake. Mkono ulikuwa wake. Miezi yote hiyo alikuwa akitembea peke yake.

Watu huogopa nyumba yenye mzimu. Hawajui lolote. Nyumba yenye mzimu angalau ina mtu. Mama Pasi alilala pale akaisikiliza nyumba isiyo na mtu, na baridi iliyomwingia haikutoka sakafuni. Hapo ndipo Kinyozi alipokufa, kwake yeye.

Angeweza kubaki hapo. Nasema hivyo kwa sababu mwenyewe alikiri baadaye kwamba alilifikiria hilo, kufumba macho tu na kumfuata. Lakini mtu aliyekunja mashuka maisha yake yote hawezi kulala chini bila kutandika. Alijikokota kwa viwiko mpaka chumbani, akavuta shuka la kitandani taratibu kwa mikono miwili, na simu iliyokuwa juu yake ikaja.

Mfupa haukuvunjika. Mwalimu alikaa kando ya kitanda cha hospitali akingoja kudanganywa.

"Nimeanguka," alisema mama yake. "Hii ni mara ya tatu. Na ule mstari ni mkono wangu. Nimeusoma."

Mwalimu alilia bila kujificha. Alikuwa na haki ya kuifunga nyumba siku hiyohiyo. "Ukiniambia ukweli, mama, naweza kukuacha kwako," akasema. "Uongo ndio siwezi kuuacha peke yake mle ndani."

Fundi wa vyuma alikuja. Kizulia kilitoka, balbu ikawekwa, na Mama Pasi akanunuliwa viatu vya mpira vyenye kushika kisigino. Fundi alimwomba apite koridoni kama kawaida yake, na pale kiganja kilipogusa, akapima.

"Sasa funga kingine," alisema Mama Pasi. Akainua mkono hadi usawa wa bega. "Hapa."

"Mama, huko juu kitakuchosha mkono."

"Si changu."

Fundi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama sakafu. "Funga," akasema.

Siku hizi Mama Pasi huketi ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie, kisha huwasha taa na kushika chuma cha chini, ambacho kimeshaanza kung'aa kwa mkono wake. Hajaanguka tena. Nyumba nzima huwezi kuokota vumbi, isipokuwa juu ya kile chuma cha pili, ambako limelala, laini, bila alama yoyote. Kila asubuhi anapopita hulitazama.

Juzi Mwalimu alikuja akaliona vumbi, akachukua kitambaa chenye maji, akainua mkono.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni. Aligeuka, akamkuta mama yake ameshika chuma cha chini kwa mikono miwili.

"Ukilifuta," alisema Mama Pasi, "nitajuaje?"