Tofali Lililoshika

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, wanawake watatu wa mtaa wa Lipangalala walikutana nyumbani kwa mmoja wao kuonyeshana maua. Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Levina, ambaye nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilitazamana na barabara iendayo Mlimba. Alikuwa amepanga ndoo kuukuu za rangi chini ya dirisha, na kila ndoo ilikuwa na ua lake.

Balbina alieleza alivyoliokoa yungiyungi lake kwa kuacha kulimwagilia wiki mbili. Siwema alisema siri ya asumini ni pumba za mpunga zilizochomwa, nusu kwa nusu na udongo mweusi wa bondeni, na kwamba anayetia samadi mbichi asije kulia baadaye. Aliposema hivyo alikuwa anamtazama Balbina.

Kisha Levina aliinuka akasema anakwenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage jikoni. Wenzake walisubiri apotee nyuma ya nyumba, ndipo Balbina akavunja kitawi cha krotoni akakitia kwenye mkoba, na Siwema akachukua cha waridi. Levina aliporudi, walikuwa wanazungumzia bei ya mchele.

Mtaa mzima unajua kwamba ua la kuombwa halishiki. Ukilipokea mkononi na kusema asante, linakauka ndani ya wiki. Lazima liibwe, na mwenye nalo lazima asione, au awe na adabu ya kutoona.

Levina ndiye aliyekuwa anashindwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mwenye kusali rozari kila alfajiri, na Amri ya Saba, Usiibe, aliichukua kama ilivyoandikwa. Aliomba kwa mdomo, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Vitawi vyake vilikauka, isipokuwa vichache ambavyo huenda hakuvishukuru vizuri, na hivyo aliviungama. Maua yaliyobaki aliyaotesha kwa mbegu.

"Shoga, wewe utafika mbinguni na ndoo tupu," Siwema alimwambia.

"Huko nitakuta bustani," alijibu Levina.

Mwezi wa sita walikuja watu wawili wenye fulana za kung'aa. Walipiga alama ya X nyekundu ukutani, karibu na dirisha, wakaacha barua. Levina aliisoma mwenyewe. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tano, kwenye darasa la jioni la watu wazima, na bado alifuata mistari kwa kidole. Barua ilisema kuwa yeye ni mvamizi wa hifadhi ya barabara, na kwamba ana siku thelathini.

Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, Beno, wakati barabara ilikuwa njia ya trekta moja. Tangu hapo barabara ilikuwa imepanuliwa mara mbili kwenye karatasi, na mara zote mbili ilipanukia upande wa Levina. Upande wa pili kulikuwa na ghala la mpunga la mtu mkubwa, lililokaa karibu zaidi na lami, na halikuwa na alama yoyote.

Jioni, darasani, alilitafuta neno lile kwenye kamusi. Mvamizi ni mtu anayeingia mahali kwa nguvu. Alirudi nyumbani akaizunguka nyumba yake taratibu, akitafuta mahali alipoingilia kwa nguvu. Hakupaona. Akaiandikia ofisi ya barabara barua ya ukurasa mmoja, akairudia mara nne hadi herufi zikakaa sawa. Aliomba nyumba isivunjwe. Kama haiwezekani, aliandika, basi naomba neno mvamizi liondolewe kwenye jina langu.

Mwanawe Faustin alipiga simu kutoka Mlimba. "Mama, njoo ukae kwetu. Chumba kipo."

"Asante, baba. Mungu akubariki," alisema Levina, naye alijua kwamba kwa mkwewe angekuwa mgeni hadi siku ya kuzikwa. Alihamishia vitu vyake kwa Siwema, kwenye stoo nyuma ya duka la mume wake, Twalib, katikati ya magunia ya sukari.

"Kaa mpaka utakapopata pako," Twalib alisema, akasogeza magunia mawili.

Siku ya kubomoa, msimamizi wa kazi aliitwa Fridolin. Alimwamkia Levina vizuri, akamwambia asiguse kitu tena, kwa kuwa kuanzia saa ile nyumba ilikuwa mali ya barabara. Levina alimwomba tofali moja la kumbukumbu.

"Mama yangu, siwezi kukupa," alisema Fridolin. "Na si lako uchukue."

Halafu simu yake ikaita, akageuka kuipokea. Levina alinyoosha mkono akavunja kona ya tofali kwenye kizingiti cha dirisha, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuomba. Hakushukuru. Alipofika njiani alisikia kijiko cha tingatinga kikianza kazi nyuma yake.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kuungama.

"Nimeiba tofali, baba. Nusu."

"Tofali la nani?" padre aliuliza.

"La barabara."

"Ulilitoa wapi?"

"Kwenye nyumba yangu."

Padre alimpa fungu moja la rozari, akasema ni kwa tahadhari tu.

Kile kipande cha tofali Levina alikuwa amekiweka juu ya udongo kwenye ndoo tupu, kwenye mstari wa maua ya Siwema, kwa sababu hakujua pengine pa kukiweka. Siwema alimwagilia maua asubuhi na jioni bila kuruka ndoo. Siku ya tisa kipande kilikuwa kimekuwa tofali zima, na pembeni yake lilikuwa limechomoza jingine, dogo, la rangi ya waridi, bado laini.

Siwema alilibonyeza kwa kidole. "Limeshika."

"Nadhani ni zile pumba," alisema Levina.

"Pumba zinasaidia. Uliposhika njia, ulimshukuru yule bwana?"

"Sikumshukuru."

"Basi."

Lilipofikisha matofali matano ndoo ikapasuka. Walilihamishia ardhini, kati ya jiko la Siwema na banda la kuku, wakaliwekea kivuli cha makuti. Balbina alikuja kutoa ushauri. Alisema wasizidishe maji, udongo wa kuungia utaoza, na wakate matofali yanayotokea pembeni ili nguvu iende juu. Baadaye alirudi nyumbani kwake, akabandua tofali moja la jiko lake, akalipanda kwenye ndoo nzuri yenye pumba na samadi iliyokomaa. Kwa wiki mbili halikufanya lolote. Wiki ya tatu likawa tope.

"Samadi mbichi," alisema Siwema.

"Samadi ilikuwa ya mwaka jana," alisema Balbina. "Lilikuwa tofali langu mwenyewe, ndiyo maana. La kwako huwezi kuliiba." Akamtazama Levina. "Dada Levina, hilo lako limeshikaje?"

Levina aliendelea kumwagilia, polepole, kuanzia shinani.

Mwezi wa kumi ukuta ulifika kifuani. Dirisha lilitokea mahali pake, linatazama mashariki kama zamani. Ndani ulichomoza msumari, uleule wa zamani uliopinda, na Levina akatundika rozari yake. Nje, karibu na dirisha, ilijitokeza X nyekundu, kwanza hafifu, halafu imekolea. Twalib alijitolea kuipaka chokaa.

"Acha," alisema Siwema. "Ni kama baka la krotoni. Limekuja na uzao, ukilifuta litarudi."

Habari zilifika ofisini, na mtumishi mmoja aitwaye Valeriani alitumwa kuja kuangalia. Alipima ukuta kwa futi kamba, akaandika. Aliuliza ulipandwa lini na unamwagiliwa mara ngapi. Alikunywa chai aliyopewa na Siwema, kisha akatoa bahasha.

"Mama Levina, nimekuletea majibu ya barua yako. Lakini kwa haya niliyoyaona, hata mimi ningekujibu hivyohivyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu limeota. Kama limeota, liliibwa. Na kama liliibwa, basi nyumba ilikuwa ya barabara, si yako. Huu ndio ushahidi wenyewe."

"Na kama tungesema ilikuwa yangu?"

"Basi lisingeota, na usingekuwa na nyumba hii." Valeriani alisema bila ubaya. Alikuwa mtu mpole, na mkewe alipenda maua. "Ningekuwa wewe, mama, nisingelalamika."

Levina alisoma majibu kwa kidole, akisimama kwenye kila nukta. Yalisema kuwa barua yake imepokelewa na kwamba orodha haibadilishwi. Chini waliandika jina lake lote, na baada ya jina, mvamizi. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitabu cha sala, mahali anapowaombea wale waliomkosea, kwa kuwa pale angeiona kila siku na isingemshinda.

Mlango ulitoka wakati wa Majilio. Mabati yalikuja baadaye, kwanza membamba kama karatasi, na mvua za kwanza ziliyakomaza. Usiku wa Noeli Levina alilala ndani. Kule barabarani, kiwanja chake kilibaki kitupu. Barabara haikujengwa mwaka ule wala uliofuata. Mbuzi wa jirani walilala pale, na ghala la mpunga liliendelea kupakia malori upande wa pili.

Mwezi wa pili, baada ya Noeli ile, nyumba ilipaswa kuwa imekamilika, lakini haikuacha kuota. Kwenye kona ya nyuma ulianza kutoka ukuta mwingine, ambao nyumba ya zamani haikuwahi kuwa nao. Levina aliutambua. Ulikuwa wa chumba cha pili, ambacho Beno alikichora kwa kijiti mchangani miaka mingi iliyopita, na ambacho hawakuwahi kukipatia matofali. Kilikuwa kinakuja na vipimo vilevile, hatua tano kwa nne. Kilikuwa kinaelekea moja kwa moja kwenye banda la kuku la Siwema.

Levina alikaa nacho siku mbili bila kusema. Siku ya tatu, baada ya sala, alimfuata Siwema uani.

"Shoga," alisema, "naona nimeanza kukuvamia."

Siwema aliutazama ukuta, akalitazama banda, akahesabu hatua kwa macho.

"Vamia tu," alisema, akainama kushika upande mmoja wa banda. "Njoo ushike huko. Taratibu, kuna kuku anaatamia."