Taa ya Chumba cha Asta

Sidsel Bruun na mumewe Esben walihamia kwenye nyumba ya mjini Randers mwezi wa Septemba, na tangu wiki ya kwanza kile chumba kidogo cha ghorofani kilikuwa cha Sidsel. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta za kliniki za meno, kazi aliyoifanyia nyumbani siku nyingi za wiki. Alipenda kuanza mapema, kabla wenzake hawajaamka na kuanza kumsumbua kwa ujumbe.

Jumatatu ya kwanza, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipanda ngazi na kikombe cha kahawa akaona mwanga chini ya mlango. Akafungua. Taa ya ukutani ilikuwa inawaka, na hita iliyo chini ya dirisha imeshaanza kutoa fukuto.

"Umewasha taa huko juu?" akamuuliza Esben, ambaye alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu.

"Mimi? Sijapanda juu tangu jana."

"Basi imejiwasha."

"Nyumba za siku hizi zina akili kuliko wenyewe," Esben akasema, akachukua baiskeli yake akaenda zake shuleni, alikokuwa akifundisha hesabu.

Kweli nyumba ilikuwa na mitambo yake. Mwenye nyumba wa zamani, bwana mmoja mpole aliyeitwa Henning, aliwaonyesha kisanduku cheupe ndani ya kabati chini ya ngazi. Hicho ndicho kilichoongoza taa, joto na vidude vya dari vya kunusa moshi, na mtu aliweza kukiamuru kwa simu yake akiwa popote. Henning aliwapa nenosiri, akawatakia maisha mema, akaondoka. Baadaye sana Sidsel alikumbuka kwamba siku ile Henning hakupanda ghorofani hata kidogo.

Mwanzoni aliona ni jambo la kuchekesha. Saa ya kisanduku imesetiwa na mtu, akajiambia, na mtu huyo amesahau kuifuta. Akatafuta ratiba ndani ya programu yake ya simu. Hakuna ratiba. Akakizima kisanduku, akakiwasha upya, akalala. Kesho yake taa ikawaka.

Hapo akaanza kuichunguza kama anavyochunguza hitilafu kazini. Akagundua kwamba siku nyingine iliwaka saa kumi na mbili na nusu kamili, siku nyingine dakika nne baadaye, na mara moja ilichelewa mpaka ikakaribia saa moja. Jumamosi na Jumapili haikuwaka kabisa. Ikaja likizo ya shule ya katikati ya Oktoba, Esben akawa anachelewa kuamka, na wiki nzima ile chumba kilibaki na giza. Shule zilipofunguliwa, taa ikarudi.

Sidsel alisimama mlangoni mwa chumba asubuhi hiyo, asiingie. Mashine haichelewi. Mashine haijui likizo ya shule kama hujaiambia. Kulikuwa na mtu.

Alhamisi ndiyo siku aliyokwenda ofisini Aarhus. Wakati wa chakula cha mchana alimsimulia Laust, mwenzake wa miaka mingi, mtu mwenye maoni juu ya kila kitu kinachopita kwenye waya. Laust alikuwa anapaka maini ya kusaga kwenye mkate mweusi, akaacha.

"Kuna mtu bado ana ufunguo wa nyumba yako," akasema. "Ndiyo maana yake. Ukiuza nyumba unakabidhi funguo, siyo? Mbona akaunti haikabidhiwi? Wabunge wetu wanakesha wakibishana watoto waruhusiwe simu wakiwa na miaka mingapi, hili hawalioni."

"Sheria ipo, Laust. Mtu ana haki ya kudai vyake vifutwe."

"Vyake. Na vyako je? Sheria imeandikwa na watu wanaodhani nyumba ni ya mtu mmoja milele." Akatafuna kidogo. "Na sisi tuna lawama pia. Ulipoandika ile programu ya kliniki, uliweka mahali pa kumtoa daktari aliyehama, asiweze kuingia tena?"

"Sikuulizwa niweke."

"Haya. Ndilo jibu letu sote." Akapangusa makombo mezani. "Mfungie, bibie. Kazi ya dakika tano. Unaogopa nini?"

Sidsel hakujua anaogopa nini. Jioni ile alipofika nyumbani alikuwa na nia ya kufunga, lakini Esben alikuwa amepika, wakala, na jambo likaahirishwa. Likaahirishwa tena. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kumngoja mtu huyo. Alikuwa anaketi chumbani gizani kabla ya muda, mikono juu ya meza, na taa ilipowaka moyo ulimruka, kisha ukatulia kama mtu aliyesalimiwa. Hakumwambia Esben.

Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa Desemba. Ilianza alfajiri, mapande makubwa, taratibu. Sidsel alikuwa mezani tayari, anaandika. Taa ikawaka. Halafu, juu ya kichwa chake, ndani ya kile kidude cha kunusa moshi, kitu kikalia tik, na sauti ya mwanamke ikasema:

"Asta. Asta, kipenzi, amka. Theluji inaanguka."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayeinama kitandani. Sidsel alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka nyuma yake. Kama ingekuwa sauti iliyorekodiwa zamani, ingejuaje habari ya theluji? Alitazama dirisha, akatazama dari.

"Nani?" akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, hakuitambua kuwa yake.

Hakujibiwa. Alisikia tu kama mtu anavuta pumzi na kuizuia, kisha tik, kimya. Na taa ikazimika.

Alimpigia Henning saa hiyo hiyo. Simu iliita muda mrefu.

"Henning, ni Sidsel wa Randers. Samahani kukusumbua asubuhi. Asta ni nani?"



"Asta ni binti yangu," Henning akasema. "Alikuwa na miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo. Ijumaa alikuwa shule, Jumapili hatukuwa naye. Majira ya baridi haya unaingia mwaka wa nne."

"Pole sana."

"Ahsante. Amewasha taa, eh?"

"Nani?"

"Vibeke. Mama yake. Tuliachana mwaka uliofuata, akahamia Skive. Kila siku ya shule anamwashia taa na joto kwa simu yake, kama alivyokuwa anafanya Asta akiwa hai, maana yule mtoto alikuwa mgumu kuamka." Akakohoa. "Nilidhani mkihamia ataacha."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambiaje, mama? Kwamba nyumba ni nzuri, bomba ni jipya, na kuna mtu anawasha taa? Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa kwenye ngazi kila asubuhi naitazama ile taa. Miaka miwili. Mwisho nikaona nikiendelea kukaa pale sitainuka. Ndiyo maana nikauza." Kisha akasema kwa haraka, "Mfungie. Sheria iko upande wako. Sitakulaumu."

Esben alipopata habari hakucheka tena. "Sids, mtu anasema ndani ya nyumba yetu. Na kama anasema, basi anasikia. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

"Basi kwa nini unanitazama hivyo? Mtoe."

Sidsel akafungua programu, akachimba ndani zaidi ya mahali watu wa kawaida wanapofika, akapata orodha ya simu zilizounganishwa na nyumba. Kulikuwa na yake, ya Esben, na nyingine iliyoitwa "Simu ya mama". Pembeni yake palikuwa na kitufe cha kuondoa. Alikitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe.

"Siwezi kumfanyia hivyo bila kumwona uso," akasema.

Lakini tangu asubuhi ile ya theluji taa haikuwaka tena. Ikapita Jumanne, Jumatano, wiki nzima. Chumba kilikuwa cha baridi, na Sidsel akaona kwamba giza hilo linamtisha kuliko ule mwanga. Jumamosi, Henning akiwa amemwelekeza, alipanda treni kwenda Skive.

Vibeke alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani alikofanya kazi. Alifungua mlango akiwa na sweta juu ya nguo za kulalia, ingawa ilikuwa mchana. Mwanamke mrefu, nywele hazijachanwa, macho mekundu.

"Mimi ni Sidsel. Mimi ndiye ninayekaa Randers."

Vibeke akasogea kando ampishe.

Walikaa jikoni. Vibeke hakuuliza kama mgeni anakunywa kahawa, alimimina tu.

"Nilijua mmenunua," akasema. "Nilidhani mmekitia maboksi kile chumba. Watu hutia maboksi. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua."

"Lakini nilisikia mambo. Lazima nikwambie, maana hata kazini nimeomba ruhusa." Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Kile kidude kina sikio. Nikiwasha taa, naacha sikio wazi kidogo, dakika moja, mbili. Zamani palikuwa kimya. Tangu Septemba nikaanza kusikia kitu kinagonga. Vidole. Asta alikuwa anagonga vidole mezani hivi, akifikiri. Nikajiambia ni mabomba. Kila siku najiambia ni mabomba, na kila siku nasikiliza. Halafu siku ya theluji sikujizuia, nikamwita." Akainua macho. "Na akaitika, dada. Sauti ndogo. Akasema, nani? Kama hanijui."

Sidsel akakiweka kikombe chake mezani.

"Toka siku ile sijalala," Vibeke akaendelea. "Sithubutu kuwasha tena. Nawaza, na akiuliza tena nitamjibu nini? Miaka yote hii nilitaka anijibu, na sasa nakimbia. Mama gani huyo?"

Sidsel angeweza kunyamaza. Aliliona hilo waziwazi, kwamba mbele yake yuko mtu aliyesikia alichotamani kusikia kuliko vyote, na kwamba kilikuwa kinamla.

"Vibeke," akasema, "ni mimi. Vidole ni vyangu, naandika kwenye kompyuta. Meza yangu iko pale dirishani. Na aliyesema 'nani' ni mimi. Niliogopa, sauti ikanitoka vile."

Vibeke hakulia. Rangi ilimtoka usoni taratibu, mpaka Sidsel akanyoosha mkono akamshika kiganja.

"Wewe," Vibeke akasema mwishowe.

"Mimi. Nisamehe."

"Nikuombe radhi mimi niliyekaa chumbani mwako." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Sikuwa nasikiliza maneno, lakini. Mkianza kuongea na mumeo, nazima."

"Ahsante."

Chini dukani kengele ya mlango ililia, mteja akaingia. Vibeke alitoa simu mfukoni mwa sweta akaisukuma juu ya meza.

"Itoe wewe kwenye nyumba yenu. Ndiyo kazi yako, siyo?"

"Hutaki kufanya mwenyewe?"

"Nikifanya mimi ni kama namfungia mlango. Ukifanya wewe ni fundi tu."

Sidsel akaitoa. Programu ikauliza kama ana hakika, akakubali. Ikaonya kwamba hatua hii haiwezi kurudishwa, akakubali tena. Ni maneno ambayo yeye mwenyewe ameyaandika mara nyingi katika programu zake bila kuwaza nani atayasoma. Vibeke aligeuza uso kuelekea dirishani mpaka kazi ikaisha.

Mwezi wa Machi Vibeke alituma ujumbe kwamba amerudi kazini siku zote za wiki, na kwamba analala, siyo vizuri, lakini analala. Hakuwahi kuja Randers, ingawa alialikwa. Sidsel aliweka mahali pa kumtoa daktari aliyehama katika programu ya kliniki. Laust akaipitia, akaikubali bila mzaha wowote. Esben alikibandua kile kidude cha dari na kuweka cha kawaida, kisichounganishwa na kisanduku, akaziba matundu na kupaka rangi.

Sidsel alihamishia meza yake chini, karibu na jiko. Anasema ni kwa sababu ya mwanga. Lakini akiwa peke yake nyumbani huandika polepole, anazigusa herufi kwa ncha za vidole, na simu ikiita huipokea kwa sauti ya chini. Esben alimuuliza siku moja anamficha nani. Akasema hamfichi mtu, ila kama yupo anayesikiliza, hataki kumpa tumaini tena.