Ukurasa Alioishia Chiung-wen

Kampuni yetu hapa mjini Hsinchu ilikufa Ijumaa, wala sikuililia. Miaka yote tulitengeneza kitu kimoja tu, kifaa cha kusomea vitabu, kioo chake cha rangi ya karatasi. Wakubwa wa ng'ambo wakaja na vyao kwa bei ya kutupa, na wasomaji waliobaki wakamezwa na simu. Bosi Tseng alizima mitambo iliyohifadhi vitabu vya wateja, akatununulia supu ya vitonge vya nyama, yake ikamshinda.

Nyumbani nilibaki na kifaa kimoja, cha mke wangu Chiung-wen. Alikisomea hospitalini mpaka vidole vikakataa, na tangu tumzike kilikaa kando ya picha yake, betri imekufa. Wino wetu ukishatulia kwenye kioo hauhitaji umeme tena, kwa hiyo ukurasa alioishia ulikuwa bado wazi. Kila asubuhi nilimwekea chai, nikauangalia.

Jumapili akaja binti yetu Yu-han, anayeuza simu Taipei, na mdomo wake.

"Si nilikuambia, Baba? Siku hizi nani anabeba kitu cha kusomea tu? Bora ubebe jiko la kuchemshia mayai."

"Nyamaza wewe. Jiko hilo ndilo lililokusomesha."

"Basi lilinisomesha niuze simu!"

Tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaenda sokoni kumnunulia samaki anayempenda. Niliporudi, kifaa cha mama yake kilikuwa kwenye chaji.

"Nilitaka kukushtukiza," akasema, uso umechangamka. "Nivihamishie vitabu vya Mama kwenye simu kabla havijapotea."

Samaki akaniponyoka. Kabla sijafika, kioo kiligeuka cheusi, kikawa cheupe, kikawa cheusi tena. Kule kujifuta kwa kioo kila kinapowaka upya nilikubuni mimi mwenyewe. Vifaa vya wapinzani vilikuwa vikiacha kivuli cha ukurasa uliopita, nasi tukajitapa kwamba chetu hakiachi hata alama. Nilipewa cheti kwa kazi ile. Kioo kilipotulia kikaandika: Huduma imefungwa. Vitabu vyako haviwezi kufunguliwa.

Yu-han aliniangalia, akaelewa kilichofutika.

"Baba, nimefanya nini mimi?" Akaanza kulia, huku anahangaika na simu yake. "Ngoja, ngoja kwanza. Jina la kitabu nalijua, nakinunua sasa hivi. Hiki hapa, umeona? Niambie tu ukurasa ulikuwa unasema nini, nitautafuta."

Nikaipokea simu. Nikasukuma kurasa kwa kidole, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa ngeni kwangu. Nikamrudishia simu yake.

"Baba? Si ulikuwa unauangalia kila siku?"

"Nilikuwa nauangalia tu, mwanangu. Sikuwahi kuusoma. Niliogopa nikiusoma utaisha."